Nzito, ya mlazo, isiyo na vijikia: namna fonti ya mabango inavyofanya kazi

Jina la basi ubavuni, namba mgongoni mwa jezi, chapa ya kinywaji cha kuongeza nguvu, bango la mkutano wa kampeni, tangazo la punguzo kwenye kioo cha duka la simu: vitu hivi havina undugu wowote, lakini mara nyingi huandikwa kwa herufi za ukoo mmoja. Ni nene. Zimeinama kulia. Hazina vile vijikia vidogo vinavyomalizia ncha za herufi za vitabuni, ambavyo wachapaji huviita serifi. Tena zimechorwa zionwe kwa ukubwa, maneno mawili au matatu kwa mara moja. Sifa hizo nne zimetoka pande tofauti, na zilipokutana zilizaa fonti yenye nguvu ya ajabu katika kazi inayoiweza na mbovu kabisa katika kazi isiyoiweza.

Mkanganyiko mkubwa kuhusu herufi hizi umeletwa na vitufe viwili. Karibu kila programu ya kuandikia ina kitufe cha B na kitufe cha I, na miaka ya kuvibonyeza imewafundisha watu kwamba uzito na mlazo ni mapambo yanayoweza kuongezwa juu ya herufi yoyote, wakati wowote, bila gharama. Sivyo. Herufi nzito ya mlazo iliyo nzuri ni mchoro wa pekee, uliofanywa na mtu aliyekaa akairekebisha herufi moja baada ya nyingine. Ukishajua alichokuwa anarekebisha, utaanza kuyaona mabango ya mjini kwa macho mengine.

Tuanze na mlazo, maana ndio mkongwe. Mwaka 1501 huko Venice, mchapishaji Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, yakiwa yamepangwa yote kwa herufi mpya zilizoinama. Fundi wake, Francesco Griffo, alizichonga kwa kuufuata mwandiko wa haraka wa makarani na wasomi wa Italia. Nia haikuwa kukazia neno fulani ndani ya sentensi. Kitabu kizima kilikuwa cha mlazo, na herufi kubwa zilibaki zimesimama wima. Desturi ya kuweka neno moja la mlazo katikati ya maneno yaliyosimama ilikuja baadaye.

Uzito ulizaliwa karne tatu mbele, na ulizaliwa ukutani. Mwanzoni mwa karne ya 19 jiji la London lilijaa matangazo ya bahati nasibu ya serikali, na kila tangazo lilishindana na la jirani yake kwa sauti. Viwanda vya kuyeyusha madini ya risasi na kutengeneza herufi, Robert Thorne akiwa miongoni mwa waliotangulia, vikaanza kuuza herufi zilizonenepeshwa kuliko kitu chochote kilichowahi kuchapwa. Bahati nasibu yenyewe ilikoma mwaka 1826, lakini herufi nene hazikuondoka nayo. Bado zilikuwa na serifi. Ni mwaka 1816 ambapo William Caslon wa nne alionyesha katika kitabu chake cha sampuli mstari mmoja tu wa herufi zisizo na vijikia, kubwa tupu, bila ndogo zake. Mwaka 1832 Vincent Figgins akaonyesha za kwake, na kutoka hapo mlango haukufungwa tena.

Kilichobaki kilikuwa ukubwa. Herufi kubwa mno ya risasi ni nzito kubeba, ni ghali, na ikipoa vibaya huharibika. Darius Wells wa New York alitatua hilo mwaka 1827 kwa mashine ya kukatia herufi za mbao, na mwaka uliofuata akatoa orodha ya herufi za kuuza. Mbao ilifanya herufi ya urefu wa shubiri kuwa bidhaa ya kawaida.

Kwa hiyo uzito, ukosefu wa serifi na ukubwa ni watoto wa tangazo la ukutani. Mlazo peke yake ulitoka kitabuni, kwenye mkono wa mtu anayeandika upesi kwa kalamu. Hiyo ndiyo sababu mlazo haujawahi kukaa kwa raha kamili ndani ya herufi nzito zisizo na serifi: umehamishiwa nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake, na kila msanifu wa fonti hulazimika kuamua atampokeaje mgeni huyo.

Kuna njia mbili za kumpokea. Ya kwanza ni kuheshimu asili yake ya kalamu. Hapo umbo lenyewe hubadilika: a ya ghorofa mbili, yenye tundu chini na mkunjo juu yake, inakuwa ya ghorofa moja, yaani duara lenye nguzo ubavuni, f inaweza kushuka chini ya mstari, mikunjo inapata pumzi ya mkono. Gill Sans, fonti ya Eric Gill iliyotolewa na kampuni ya Monotype mwaka 1928, ilifuata njia hiyo katika mlazo wake. Ya pili ni kuchukua herufi zilizosimama na kuziinamisha tu, umbo likabaki lile lile. Ndivyo ilivyo kwa fonti ya Futura, na ndivyo ilivyo kwa Helvetica, ambayo mlazo wake umeinama kwa nyuzi 12. Kwa mabango, njia ya pili ndiyo iliyoshinda. Bango halihitaji kumbukumbu ya kalamu, linahitaji msukumo.

Sasa, kuinamisha tu ndiko kunakodanganya.

Chukua rundo la karata, lisukume kutoka juu hadi ubavu wake uiname. Kila karata imebaki na upana wake, imesogea tu kulia kidogo kuliko iliyo chini yake. Kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa herufi: kila nukta husogea kulia kwa kadiri ya kimo chake. Inaonekana haina madhara. Lakini mistari ya mshazari haitendewi sawa. Mstari unaopanda kuelekea kulia huvutwa ukarefuka, na kwa kuwa eneo lake halikuongezeka, unakonda. Mstari unaoshuka kuelekea kulia hubanwa ukafupika, na kwa hiyo unanenepa. Kwa mlazo wa nyuzi 12, mstari wa mshazari wa nyuzi 45 hukonda kwa asilimia 10 hivi upande mmoja na kunenepa kwa asilimia 11 hivi upande wa pili. Kama X ya bango lako ilikuwa na mikono miwili yenye unene wa milimita 50 kila mmoja, sasa ina mmoja wa milimita 45 na mwingine wa karibu milimita 56. Katika herufi nyembamba ya kitabuni tofauti hiyo hupotea machoni. Katika herufi nzito iliyo kwenye ukuta wa ghorofa, X inaonekana ina mguu mmoja uliovimba.

O ndiyo inayoonyesha kosa waziwazi kuliko zote. Duara lililoinamishwa na mashine hunenepa kwenye bega la kulia juu na kwenye nyonga ya kushoto chini, na hukonda pembe mbili nyingine. Linaacha kuwa O iliyoinama, linakuwa yai lililokandamizwa. S nayo huumia mahali pake: uti wake wa mgongo, unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia, huwa mnene kupita vichwa vyake. Nguzo zilizosimama, kama za H na N, hukonda kwa asilimia 2 tu, kwa hiyo uwiano wake na mistari mingine pia hutetereka.

Msanifu wa fonti hurudi nyuma ya mashine na kuyarekebisha hayo yote. Anapunguza bega la O, anarudishia nyama pembe zilizokonda, anakunjua uti wa S, anasawazisha mikono ya X, K na A. Tena hafanyi hivyo kwa rula peke yake, kwa sababu jicho lina upendeleo wake hata kabla ya mlazo kuja. Mstari wa kulala huonekana mnene kuliko wa kusimama ulio na unene uleule. Ndiyo maana katika fonti nzito iliyochorwa vizuri, paa la T ni jembamba kuliko nguzo yake, nawe hukuwahi kuligundua. E ina mistari mitatu ya kulala inayogombania kimo kimoja, hivyo kila mmoja hukondeshwa zaidi. Pale upinde wa n unapoungana na nguzo, wino au rangi hujikusanya na kufanya doa, hivyo kiungo hicho huchongwa kiwe chembamba. Na kadiri uzito unavyozidi, matundu ya a na e yanazibwa. Herufi nzito haisomwi kwa weusi wake pekee. Inasomwa kwa weupe mdogo uliobaki ndani yake, na kazi kubwa ya msanifu ni kuulinda weupe huo.

Kitufe cha B, kikikosa fonti nzito halisi, hufanya jambo moja tu: kinaongeza unene pande zote kwa kipimo kimoja. Matundu yanajaa, viungo vinavimba. Kitufe cha I, kikikosa mlazo halisi, husukuma tu lile rundo. Ukivibonyeza vyote viwili juu ya faili yenye herufi za kawaida peke yake, umepata makosa mawili yaliyozidishana.

Fonti inayofaa kuchunguzwa kama mfano ni Futura, hasa ile nzito ya mlazo, kwa sababu hakuna nyingine ambayo historia yake imepinduka mara nyingi hivyo. Paul Renner aliianza katikati ya miaka ya 1920, na kiwanda cha Bauer cha Frankfurt kikaitoa mwaka 1927. Ilijengwa juu ya duara, pembetatu na mraba, au angalau ilitaka ionekane hivyo. Ukiipima utakuta duara zake zimerekebishwa kimyakimya kwa ajili ya jicho. Renner mwenyewe alikuwa mpinzani wa Wanazi, aliandika dhidi yao mwaka 1932, na mwaka uliofuata walipochukua madaraka walimkamata na akaondolewa kazini Munich. Fonti yake iliendelea na safari bila yeye. Bamba la chuma ambalo Apollo 11 iliacha mwezini mwaka 1969 limeandikwa kwa Futura, herufi kubwa, zimesimama wima, tulivu.

Nzito ya mlazo ilipata sura yake ya kudumu mikononi mwa mwanamke mmoja. Barbara Kruger, aliyezaliwa Newark mwaka 1945, alifanya kazi ya kupanga kurasa katika magazeti ya kampuni ya Condé Nast huko New York kabla ya kujulikana kama msanii. Kazini alijifunza jinsi tangazo linavyomkamata msomaji shingoni, na katika sanaa yake alikigeuza kisu hicho kiwaelekee wenye matangazo. Picha ya zamani isiyo na rangi, ukanda mwekundu, na juu ya ukanda maneno meupe kwa Futura nzito ya mlazo: ndio mtindo alioufanya kuwa wake tangu miaka ya 1980. Mwaka 1989 alitengeneza bango la maandamano ya wanawake mjini Washington, uso wa mwanamke uliogawanywa katikati, na maneno yanayosema kwamba mwili wako ni uwanja wa vita. Soma maneno hayo kwa herufi za kitabuni, yatakuwa wazo. Katika fonti ile yanakuwa amri. Mlazo unamsogelea msomaji, uzito unamzuia asipite.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1994, James Jebbia alifungua duka la vifaa vya ubao wa magurudumu katika mtaa wa Lafayette, Manhattan, akaliita Supreme. Nembo yake: kisanduku chekundu, ndani yake jina jeupe kwa Futura ya mlazo. Kufanana na kazi za Kruger hakuhitaji maelezo. Mtindo uliobuniwa kuuhoji ununuzi ukawa alama ya bidhaa ambazo vijana walikuwa wakipanga foleni usiku kucha kuzinunua. Mwaka 2013 Supreme iliposhtaki kampuni nyingine ya mavazi kwa kuiga nembo hiyo, Kruger alijibu kwa maneno makali kuhusu wote waliohusika, na mwaka 2017 akafungua duka lake la muda mjini New York kama sehemu ya maonyesho, lenye nguo na ubao wa magurudumu vilivyoandikwa kwa fonti yake. Kwa maoni yangu ndilo somo zuri kuliko yote kuhusu fonti hii: haina upande. Inapaza sauti ya yeyote anayeishika, na yule anayeishika kwa nguvu zaidi huonekana ndiye mwenyewe.

Lakini kwa nini kuinama kumaanishe haraka? Sehemu ya jibu ni mwili: mtu anayekimbia huinama mbele. Sehemu kubwa zaidi ni mwelekeo wa kusoma. Sisi tunaosoma kutoka kushoto kwenda kulia tumezoea kwamba kulia ni mbele, ndiko sentensi inakokwenda. Herufi iliyoinama kulia inaonekana inakwenda na msomaji. Ikiinamishwa kushoto huonekana imefunga breki, na ndiyo maana mlazo wa kinyume ni nadra sana. Waandishi wa hati ya Kiarabu, ambayo ndiyo iliyobeba Kiswahili cha pwani kwa karne nyingi, wanasoma kutoka kulia kwenda kushoto na hati yao haikuwa na desturi ya mlazo wa kukazia. Wasanifu wa fonti za Kiarabu za leo hulazimika kuamua upya mlazo uelekee wapi, na uamuzi wao hauwezi kunakiliwa tu kutoka hati ya Kilatini.

Hapa kwetu jambo hili lina mkunjo ambao wachache huuzingatia. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Aliyesimama kituoni upande wa kushoto wa barabara anaona ubavu wa kushoto wa basi, na ukiutazama ubavu huo, pua ya basi iko kushoto kwako. Basi linatoka kulia kwenda kushoto, na jina lake lililoinama kulia linaegemea mkiani. Ni ubavu wa pili tu, unaoonwa na watu walio ng'ambo ya barabara, ambako herufi na gari vinakwenda pamoja. Hakuna dawa kamili ya hilo. Mlazo wa kinyume kwenye ubavu wa kushoto hulandana na mwendo wa gari lakini hupingana na mwendo wa macho, na macho ndiyo yanayosoma. Mimi ningeuacha mlazo wa kawaida pande zote mbili, kisha ningeachia michoro ya ubavuni, ile mistari na mawimbi, kazi ya kuonyesha basi linaelekea wapi.

Kasi yenyewe inadai ukubwa. Basi la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Waandika mabango wana kanuni ya mkono: kila mita 3 za umbali zinataka karibu sentimita 2.5 za kimo cha herufi ili isomeke kwa raha. Jina linalotakiwa kuonekana vizuri kutoka mita 30 linahitaji herufi za sentimita 25. Uzito haufidii ufupi. Mtu akiona herufi hazionekani vizuri, mara nyingi huzinenepesha, matundu yanaziba, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Afadhali maneno yapungue na herufi zikue.

Na sasa Kiswahili, kwa sababu fonti hizi hazikuchorwa zikikifikiria, nacho kina mitihani yake.

Mtihani wa kwanza ni a. Ndiyo herufi tunayoitumia kuliko nyingine zote, na katika Futura a ndogo ni duara lenye nguzo moja ubavuni, bila ghorofa ya juu. Ikinenepeshwa, nguzo inazama ndani ya duara, na kutoka mbali a na o zinakuwa pacha. Kwa lugha yetu hilo si jambo dogo: bara na bora, kasa na kosa, pana na pona ni maneno tofauti yote. Neno "barabara" kwa herufi ndogo nzito za jamii hiyo ni msururu wa mipira tupu. Ukihitaji herufi ndogo kwenye bango la Kiswahili, tafuta fonti ambayo a yake ina ghorofa mbili hata ikiwa imelazwa. Au tumia herufi kubwa, ambako A na O haziwezi kufanana.

Mtihani wa pili ni I kubwa na l ndogo. Katika fonti nyingi zisizo na serifi zote mbili ni nguzo tupu. Andika Ilala uone: nguzo mbili zimesimama bega kwa bega, na mgeni wa Dar es Salaam hana njia ya kujua ipi ni ipi. Sentensi zetu huanza na I mara kwa mara, ilani, ilipo, iliyo. ILALA yote kwa herufi kubwa inamaliza tatizo papo hapo.

Lakini herufi kubwa zinaleta mtihani wa tatu, ambao ndio mgumu. Kiswahili kimejaa WA, YA, KA, VA na TA, na kila jozi kati ya hizo ina pengo la asili ambalo msanifu wa fonti hulifunga kwa kuzisogeza herufi zikaribiane. Mlazo unaivuruga hesabu hiyo. Mkono wa kulia wa W na mkono wa kushoto wa A vyote vinapanda kuelekea kulia, hivyo vikiinamishwa vinalala zaidi na pengo kati yake huonekana limepungua. Lakini pale A inapofuatwa na W, mistari inayotazamana inasimama karibu wima na pengo huonekana limepanuka. Sasa andika WAWAKILISHI au WANAWAKE kwa mlazo wa mashine: W inabana A, A inaikwepa W, neno linachechemea. Fonti iliyochorwa kweli ina vipimo vyake vya mlazo, tofauti na vya herufi zilizosimama. Hata hivyo vipimo hivyo hupimwa zaidi kwa lugha za waliozichora, ambako jozi zetu si nyingi hivyo. Kwa jina la duka au kichwa cha bango, kaa usogeze jozi moja moja kwa mkono mpaka mapengo yalingane machoni.

Ng' nayo inataka uangalizi. Alama ile ndogo ikiandikwa kwa umbo la kijiti kilichonyooka la kibodi, kisha ikanenepeshwa na kuinamishwa, inageuka kipande cha mbao kinachoelea kati ya G na O za neno NG'OMBE. Tumia alama iliyopinda, na uisogeze mpaka iwe sehemu ya neno.

Halafu kuna urefu. Lugha inayoweza kusema "tunawakaribisheni" kwa neno moja haiwezi kutumia fonti pana nzito kama lugha ya maneno mafupi. Fonti hizi nyingi zina matoleo yaliyobanwa kwa upana, na kwa vichwa vya Kiswahili hayo ndiyo huokoa ukubwa wa herufi. Kitu cha kuepuka ni kuivuta fonti pana kwa ncha za kipanya mpaka iingie kwenye nafasi: nguzo zinakonda, mistari ya kulala inabaki minene, na kazi yote ya msanifu imekwenda na maji.

Kuna mahali herufi hizi hazifai, hata zikiwa nzuri kiasi gani. Maelekezo ya dawa, fomu, aya ya pili ya tangazo, taarifa ya msiba. Chama cha watu wenye tatizo la kusoma cha Uingereza, British Dyslexia Association, hushauri kuepuka mlazo katika maandishi na kutumia uzito peke yake pale neno linapohitaji kukaziwa, na ushauri huo unamfaa msomaji yeyote aliyechoka. Kanga inaonyesha vizuri upande huu wa pili: jina lake kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa zisizo na serifi, zimesimama wima, maana mwenye kuisoma ana muda na maneno yenyewe yanataka kukaa.

Habari njema ni kwamba fonti halisi za aina hii zinapatikana bila kulipa na bila wizi. Montserrat, iliyoanzishwa na Julieta Ulanovsky wa Buenos Aires kutokana na maandishi ya zamani ya mtaa wake, Barlow ya Jeremy Tribby, na Kanit ya kampuni ya Cadson Demak ya Thailand, zote zina ngazi tisa za uzito, kila ngazi na mlazo wake, na leseni yake ni huria, inaruhusu kazi za biashara. Tangu mwaka 2016 kumekuwapo pia fonti geuzi, ambazo faili moja hubeba uzito wote kama mstari usiokatika, na baadhi yake hubeba mlazo pia. Kwa tovuti, kivinjari kikikosa faili ya mlazo hutengeneza mlazo wake chenyewe bila kukuuliza. Kukizuia, andika font-synthesis: none kwenye CSS, yaani maagizo ya mwonekano wa tovuti, maneno yatabaki wima, nawe utajua mara moja kwamba faili haijapakiwa.

Ukipokea kazi kutoka kwa mtu na huna hakika kama mlazo wake ni wa kweli, kuza O na X mpaka zijaze kioo. Pima bega la kulia la O dhidi ya la kushoto, na mkono mmoja wa X dhidi ya mwingine. Zikilingana machoni, endelea na WAWAKILISHI, Ilala, barabara na ng'ombe, kisha ndipo upeleke bango kuchapwa.